Grinkov: Bingwa wa barafu aliyeanguka mazoezini, na swali ambalo kila familia inapaswa kujiuliza

Ilikuwa Jumatatu ya Novemba 20, 1995. Katika mji mdogo wa Lake Placid, jimbo la New York nchini Marekani, mume na mke walikuwa mazoezini kwenye kiwanja cha barafu. Mume alikuwa Sergei Grinkov, mke Ekaterina Gordeeva, ambaye wengi humwita Katya. Walikuwa raia wa Urusi na mabingwa wa Olimpiki mara mbili katika mchezo wa kuteleza kwenye barafu wawili wawili.

Muziki ukiendelea, walifika mahali ambapo Sergei alitakiwa kumshika mkewe kiunoni na kumnyanyua. Mikono yake haikufika.

Katya alidhani ni mgongo, kwa kuwa mwaka ule mgongo ulikuwa ukimsumbua mumewe. Sergei aliteleza hadi kwenye ukingo wa kiwanja akijaribu kusimama, akapiga magoti, kisha akajilaza taratibu juu ya barafu. Hakuinuka tena. Wenzake walijaribu kumwokoa palepale, akakimbizwa hospitali, lakini madaktari hawakuweza kumrudisha.

Alikuwa na miaka 28. Aliacha mjane wa miaka 24 na binti wa miaka mitatu.

Siku zilizofuata swali lilikuwa moja: kijana mwenye afya na nguvu za kumbeba mtu juu ya kichwa chake, tena akiwa anateleza, anawezaje kufa kwa ugonjwa wa moyo? Sehemu ya jibu ilikuwa ndani ya familia yake mwenyewe.

Watoto wawili wa Moscow

Sergei alizaliwa Moscow Februari 4, 1967. Wazazi wake wote wawili walikuwa waajiriwa wa polisi. Alianza kuteleza kwenye barafu akiwa na miaka mitano.

Katya alizaliwa katika jiji hilohilo Mei 28, 1971. Baba yake alikuwa mchezaji wa ngoma, na mama yake alifanya kazi katika shirika la habari la Kisovieti, TASS. Baba alitamani binti yake awe mchezaji wa densi ya jukwaani, lakini tangu akiwa na miaka minne mtoto huyo alikuwa tayari amevalishwa viatu vya barafu.

Wote wawili walilelewa katika klabu ya michezo ya jeshi, CSKA. Mwaka 1981 kocha Vladimir Zakharov aliamua kuwaunganisha. Katya alikuwa na miaka 10, Sergei 14. Hakuna aliyewauliza kama wanapendana au wanaelewana. Kocha aliona mvulana mrefu na msichana mdogo mwepesi, akaona wanafaana.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, ni vizuri kueleza kidogo. Wachezaji huvaa viatu vyenye bapa la chuma chini, lenye unene wa milimita nne hivi. Juu ya bapa hilo wanakimbia, wanaruka na kuzunguka hewani, wote wawili kwa wakati mmoja. Mwanamume humnyanyua mwenzake juu ya kichwa huku akiendelea kuteleza. Wakati mwingine humrusha mbali, naye akatakiwa kutua kwa mguu mmoja.

Chini hakuna godoro wala nyasi. Ni barafu ngumu kama saruji. Ndiyo maana wanaoucheza husema kitu cha kwanza si nguvu bali kumwamini mwenzako.

Kuanguka kwa kwanza

Mafanikio hayakuchelewa. Mwishoni mwa 1984 walikuwa mabingwa wa dunia kwa vijana. Mwaka 1986, mjini Geneva, Uswisi, walitwaa ubingwa wa dunia wa wakubwa. Katya alikuwa bado na miaka 14.

Mwaka 1987 waliutetea ubingwa huo mjini Cincinnati, Marekani, wakionyesha jambo ambalo wachache sana waliwahi kulijaribu: Sergei kumrusha Katya juu, naye akazunguka mara nne kabla ya kudakwa.

Mwaka huohuo, katika mashindano ya Ulaya mjini Sarajevo, mkanda wa suruali ya Sergei uliopita chini ya kiatu ulikatika katikati ya mchezo. Mwamuzi alitoa ishara wasimame, na muziki ukazimwa. Watoto wale wa jeshi hawakusimama. Waliendelea kuteleza bila muziki hadi hatua ya mwisho, kisha wakakataa kurudia. Waliondolewa mashindanoni.

Novemba 1987, miezi michache kabla ya Olimpiki, lilitokea jambo zito zaidi. Wakiwa mazoezini, Sergei akiwa amemnyanyua Katya juu, kiatu chake kilinasa kwenye barafu. Katya alianguka na kupiga paji la uso. Alilazwa hospitali kwa mtikisiko wa ubongo.

Katya ameeleza katika kitabu cha maisha yao kwamba ajali ile iliwaweka karibu kuliko mwanzo. Sergei alijilaumu. Tangu hapo, mikono iliyomnyanyua haikuwa tena ya mchezaji mwenzake tu.

Februari 1988 walikwenda Calgary, Canada, na kurudi na medali ya dhahabu ya Olimpiki. Yeye alikuwa na miaka 16, Sergei 21. Mwaka 1989 na 1990 walitwaa tena ubingwa wa dunia, ukawa wa nne.

Ndoa, mtoto na dhahabu ya pili

Ushirikiano wa kazi uligeuka mapenzi, na mapenzi yakawa ndoa. Walioana Moscow Aprili 1991. Wakati huo walikuwa wameacha mashindano ya kawaida na kuanza kucheza maonyesho ya kulipwa, mengi yakiwa Marekani.

Septemba 11, 1992, walipata mtoto wao wa kwanza, Daria, huko Morristown, New Jersey. Kwa wanawake wengi wa mchezo huu, uzazi ulihesabiwa kuwa mwisho wa safari. Katya alirudi kwenye barafu mapema, na sheria zilipobadilishwa ili kuwaruhusu wachezaji wa kulipwa kurejea mashindanoni, yeye na mumewe waliamua kujaribu tena.

Mapema 1994 walitwaa ubingwa wa Ulaya mjini Copenhagen, Denmark. Mwezi mmoja baadaye, katika Olimpiki ya Lillehammer, Norway, waliingia uwanjani na muziki wa piano wa Beethoven uliopangwa na mtunzi wao wa miondoko, Marina Zueva. Hawakuwa tena mvulana na mtoto wa shule. Walikuwa baba na mama wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Walifanya makosa madogo, lakini majaji waliwapa dhahabu ya pili ya Olimpiki.

Baada ya hapo waliweka makazi Simsbury, jimbo la Connecticut. Maisha yalianza kutulia. Kulikuwa na nyumba, mtoto aliyeanza kuongea, na ratiba ya maonyesho iliyojaa. Maandalizi ya msimu mpya ndiyo yaliyowapeleka Lake Placid ile Novemba ya 1995.

Walichokikuta madaktari

Uchunguzi wa mwili wa Sergei ulionyesha kwamba mishipa inayopeleka damu kwenye moyo wake ilikuwa imeziba vibaya, kwa kiwango ambacho hakitarajiwi kwa mtu wa miaka 28. Madaktari walieleza pia kuwa kulikuwa na alama za mshtuko wa moyo uliotokea ndani ya saa 24 kabla ya kuanguka. Maana yake ni kwamba moyo wake ulikwishaumia, naye akavaa viatu akaenda kazini kama kawaida.

Kisha likaja jambo la pili. Baba yake Sergei naye alifariki kwa mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 52.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, wakiongozwa na Dk Pascal Goldschmidt, waliichunguza damu ya Sergei. Walikuta ana aina ya jeni iitwayo PlA2, inayohusishwa na chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda mtu anapojikata. Maelezo yao yalikuwa kwamba kwa mwenye jeni hiyo chembe hizo zinaweza kunata kwa urahisi zaidi, na damu ikiganda ndani ya mshipa ambao tayari ni mwembamba, njia hufungwa.

Baadhi ya vyombo vya habari viliibatiza jeni hiyo jina la Grinkov. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote kuhusu ukubwa wa hatari yake, na si kipimo ambacho kila mtu anahitaji kukikimbilia. Lakini kanuni pana zaidi haina ubishi kwa wataalamu wa moyo: ugonjwa wa mishipa ya moyo hutembea katika familia.

Wataalamu huhesabu kuwa una historia ya hatari iwapo baba au kaka wa damu alipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya miaka 65. Kwa kipimo hicho, Sergei alikuwa kwenye kundi la kuangaliwa kwa karibu. Ila hakukuwa na dalili ya kumshtua mtu yeyote. Alikuwa mwembamba, alifanya mazoezi kila siku, na kifuani alikuwa na medali.

Mazoezi ni kinga, si chanjo

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mazoezi hupunguza sana hatari ya ugonjwa wa moyo, na hakuna daktari atakayekwambia uyaache kwa sababu ya kisa hiki. Lakini hayafuti kile ambacho mtu amerithi.

Mfano ulio wazi ni lehemu ya kurithi. Hii ni hali ambayo mwili hushindwa kuondoa mafuta mabaya kwenye damu tangu mtu anapozaliwa, hata akiwa mwembamba na anakula vizuri. Inakadiriwa kuwapata mtu mmoja kati ya 250 hadi 300. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi. Hugundulika kwa kipimo cha damu, na ina dawa.

Shinikizo la damu na kisukari navyo hupenda kufuata ukoo. Vyote viwili vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuuma popote, huku vikiharibu mishipa polepole.

Shirika la Afya Duniani linayataja magonjwa ya moyo na mishipa ya damu kuwa chanzo cha kwanza cha vifo duniani. Hata hivyo, kwenye misiba mingi maelezo huishia sentensi moja: alianguka ghafla. Watu hunyamaza, marehemu huzikwa, na watoto wake hukua bila kujua babu aliondoka na nini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika jambo hili, anayeumbuliwa mara nyingi ni kizazi kinachofuata.

Maswali ya kuuliza nyumbani

Si lazima kusubiri kikao cha ukoo. Mzazi anaweza kuanza na simu moja kwa shangazi au mjomba anayekumbuka mambo ya zamani.

Uliza: babu na bibi walifariki wakiwa na umri gani? Kuna ndugu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50, usingizini, mchezoni au akiogelea? Nani anatumia dawa za presha, kisukari au moyo, na alianza akiwa na miaka mingapi? Kuna aliyewahi kupata kiharusi?

Andika majibu kwenye daftari au kwenye simu, upande wa baba na upande wa mama. Siku ukienda kliniki, mwambie daktari kabla hajakuuliza. Maelezo hayo humsaidia kuamua nani apimwe presha, sukari na lehemu mapema, na nani aongezewe kipimo cha umeme wa moyo.

Kwa watoto na vijana wanaocheza michezo, vifo vya ghafla ni vichache sana, na kwa kawaida chanzo chake si mishipa iliyoziba kama ya Sergei bali kasoro za kuzaliwa nazo katika misuli au mapigo ya moyo. Lakini kuna ishara zisizopaswa kupuuzwa: mtoto kuzimia akiwa anakimbia au anacheza, maumivu ya kifua wakati wa mazoezi, moyo kwenda mbio bila sababu, au kuishiwa pumzi mapema kuliko wenzake. Mtoto wa namna hiyo asirudi uwanjani kabla daktari hajamwona.

Kwa mtu mzima, mshtuko wa moyo mara nyingi huja kwa maumivu au mbano katikati ya kifua, unaoweza kwenda begani, mkononi, mgongoni au kwenye taya. Huweza kuambatana na jasho jembamba la baridi, kichefuchefu na kukosa pumzi. Kwa wanawake na wenye kisukari, dalili zinaweza kuwa hafifu, pengine uchovu mkubwa tu usio wa kawaida. Usilale ukisubiri asubuhi. Nenda hospitali.

Mtu akianguka mbele yako, hajibu na hapumui kawaida, ita msaada, kisha weka viganja viwili katikati ya kifua chake na ukandamize kwa nguvu, kwa kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hadi msaada ufike. Lake Placid juhudi za namna hiyo hazikutosha, kwa sababu moyo ulikuwa umeharibika mno. Kwa wengine wengi zimetosha.

Kurudi kwenye barafu peke yake

Sergei alirudishwa nyumbani, akazikwa katika makaburi ya Vagankovo mjini Moscow. Katya alibaki na mtoto, na mwili uliozoea tangu utotoni kutembea ukiwa umeshikwa na mikono ya mtu mmoja.

Februari 27, 1996, wachezaji wenzao walikusanyika Hartford, Connecticut, kwa onyesho la kumkumbuka Sergei. Katya alitoka uwanjani akiwa peke yake, kwa mara ya kwanza tangu afiwe, akateleza kwa muziki wa Gustav Mahler. Palipokuwa na sehemu ya kunyanyuliwa, hapakuwa na mtu. Daria alikuwepo ukumbini.

Mwaka huohuo alitoa kitabu kuhusu maisha yao, na kwa miaka iliyofuata aliendelea kucheza kama mchezaji wa pekee, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa kiwango hicho akiwa mtu mzima. Baadaye aliolewa tena, akapata binti wa pili.

Medali za Sergei Grinkov zinajulikana: Olimpiki mbili, ubingwa wa dunia mara nne, Ulaya mara tatu. Lakini kwa Daria, urithi wake una upande mwingine ambao daktari yeyote atataka kuujua kabla ya medali hizo. Babu alifariki kwa moyo akiwa na miaka 52. Baba alifariki kwa moyo akiwa na miaka 28.

Sentensi mbili tu, lakini mtoto anayezijua anaingia kwa daktari akiwa na kitu ambacho baba yake, pamoja na nguvu zake zote, hakuwahi kukitumia. Wiki hii, kabla hujalipa ada ya mazoezi ya mpira au kumnunulia mtoto viatu vipya vya michezo, piga ile simu kwa shangazi.